Biringanya Lisilo na Tundu

Ukungu ulikuwa bado umelilalia shamba pale Shiuli alipoanza kuvuna, mkono mmoja ukichuma mabiringanya na mwingine ukisugua meno kwa kijiti cha mwarobaini. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi ya msimu wa baridi kabla ya kwenda shule, na kila asubuhi mama yake, Morjina, alimgombeza kwa jambo lile lile.

"Meno kwanza, shamba baadaye. Mate yako si mbolea!"

"Mama, ukungu wenyewe haujaamka. Nani ananiona?"

"Mabiringanya yanakuona. Yataona aibu, yabadilike rangi."

Shiuli alicheka, akatema mate mbali na mche. Shamba lao halikuwa kubwa, lakini katika kijiji chote cha Chandanbari, upande ule wa Bogura, hakuna lililopendeza kulizidi. Mistari ya katikati ilibeba mabiringanya marefu ya zambarau, laini, yasiyo na doa. Hayo yalitokana na mbegu mpya ambayo bwana shamba alimpa Morjina. Pembezoni kuzunguka shamba lote ilipandwa mistari ya biringanya la zamani, na huko kila tunda lilikuwa na tundu, na ndani ya kila tundu alijificha kiwavi mnene wa rangi ya waridi. Majirani walipoiona mistari ile walicheka na kuuliza kama Morjina anafuga viwavi.

Juu ya tuta alikaa baba yake Shiuli, Motin, amejifunika shali hadi masikioni. Yeye ndiye aliyekuwa akinyunyizia dawa zamani, bomba mgongoni, miguu pekupeku, bila kitambaa puani. Biringanya la zamani halikukubali kuzaa bila dawa. Kiwavi huingia ndani ya tunda akajifungia humo, na mkulima hunyunyizia tena na tena akitumaini kumkuta nje. Msimu uliopita, muuza dawa aitwaye Lokman alimshauri Motin achanganye dawa za aina mbili katika bomba moja, "ili wadudu wakome." Siku hiyo Shiuli alimkuta baba yake amelala kifudifudi mferejini, povu mdomoni, mikono ikitetemeka. Mikono ile haijaacha kutetemeka hadi leo. Daktari alisema neno moja tu: asiguse sumu tena.

Ndiyo maana Shiuli aliyapenda mabiringanya ya katikati. Kwake yeye, kila tunda lisilo na tundu lilikuwa siku moja ambayo baba yake hakubeba bomba.

Gulio la mwisho kabla ya Ramadhani lilijaa watu. Katika mwezi mtukufu kila nyumba hula bajia za biringanya wakati wa futari, vipande vyembamba vilivyochovywa katika unga wa dengu na kukaangwa mpaka vitutumke. Siku hizo mkulima wa biringanya hahitaji kumwita mteja. Morjina na Shiuli walitandika gunia, wakapanga mabiringanya yao, wakangoja.

Wa kwanza kufika alikuwa Bi Jobeda, muuza bajia maarufu kuliko wote sokoni, mwanamke mpana mwenye sauti ya kipaza sauti. Alichukua biringanya moja, akaligeuza, akaligeuza tena.

"Mama Shiuli, unauza biringanya au chupa? Mbona yanang'aa kama paji la bwana harusi?"

"Ni mazuri, Bi Jobeda. Hayajanyunyiziwa dawa ya kiwavi hata mara moja."

"Haya basi, nionyeshe tundu."

Shiuli alijua kwa nini anaulizwa hivyo. Akina mama wa gulio lile walikuwa wamejifunza, kwa miaka mingi ya kuuziwa mboga zilizolowa dawa, kutafuta tundu la kiwavi kabla ya kununua. Tundu moja au matundu mawili yalikuwa ushahidi kwamba kuna kiumbe kimeonja kabla yao, na kimeishi.

"Hayana tundu," Morjina alisema. "Mbegu hii kiwavi haiwezi. Ndani ya mmea wenyewe kuna kitu ambacho..."

"Kuna sumu!" Lokman aliropoka kutoka dukani kwake ng'ambo ya njia, mikono kifuani. "Semeni ukweli! Zamani sumu ilikuwa juu ya ganda, mkaosha ikatoka. Sasa wameitia ndani. Osheni basi, tuone!"

Watu walicheka. Bi Jobeda alilirudisha biringanya juu ya gunia kwa vidole viwili, kana kwamba lingemng'ata. "Mdudu alikatae, mimi nilile? Mdudu hajasoma, mwenzangu, lakini si mjinga."

Baada yake hakuna aliyesimama. Jioni walilirudisha kapu likiwa limejaa vile vile, mwendesha guta aliyewabeba akiimba kwa kejeli njia nzima: "Biringanya za daktari, dawa ndani, dawa ndani!"

Nyumbani Motin alilifunika lile kapu kwa gunia. "Basi," alisema. "Yaliyobaki wapeni mbuzi. Msimu ujao narudi kwenye mbegu ya zamani."

"Na nani atanyunyizia?" Morjina aliuliza.

"Bomba liko wapi? Si chini ya kitanda?"

"Daktari alisema..."

"Daktari hatakuja kununua mchele wa nyumba hii, Morjina!"

Shiuli alitoka nje asiwasikie tena. Alimchukia Lokman, aliyemuuzia baba yake mchanganyiko ule na bado akawa na ulimi wa kusema neno sumu. Alimchukia Bi Jobeda na vidole vyake viwili. Aliwachukia wote waliocheka. Wanataka tundu, alijiambia. Wanataka tundu? Ukutani jikoni, kati ya mianzi, ilikuwa imechomekwa spoki ya baiskeli kuukuu ambayo mama yake hutumia kuchomea mahindi. Shiuli aliitazama mpaka giza likaifunika.

Gulio lililofuata liliangukia siku ya kwanza ya mfungo. Morjina alikuwa akimwagilia shamba, kwa hiyo Shiuli alitangulia na kapu peke yake. Nyuma ya migomba, mahali ambapo hakuna mtu anayepita, alichuchumaa na kuanza kutoboa. Hakutoboa kwa woga. Alitoboa kwa hasira. Hili la Lokman. Hili la Bi Jobeda. Hili la mwendesha guta na wimbo wake. Alipomaliza, vidole vyake vilinata kwa utomvu na kila biringanya lilikuwa na tundu lake.

"Enhe! Sasa haya ndiyo mabiringanya ya Mungu!" Bi Jobeda alishangilia alipoyaona. "Mwambie mama yako, hivi ndivyo tunavyotaka. Nipimie yote."

"Yote, bibi?"

"Yote! Leo watu watafuturu kwangu mpaka mafuta yakauke."

Shiuli alitabasamu kwa meno tu. Alidhani angefurahi. Badala yake alizidi kukasirika, maana alitambua kwamba watu wale wale walioukataa ukweli walikuwa wameukumbatia uongo bila hata kuuliza swali moja.

Alasiri, Bi Jobeda alikaa mbele ya kikaango chake, wateja wamemzunguka, akaanza kukata. Kipande cha kwanza kilikuwa na tundu, lakini hakuna kiwavi. Cha pili vile vile. Kiwavi huacha njia iliyopinda na uchafu mweusi nyuma yake. Njia hizi zilinyooka kama msumari, zikaingilia upande mmoja na kutokea wa pili. Alikata biringanya zima, kisha jingine, kisha jingine. Kisu kikasimama hewani.

"Huyu mdudu gani anayetembea kwa rula?" aliuliza.

Lokman alisogea, akachungulia, uso ukamng'aa. "Sindano! Mnaona sasa? Si niliwaambia? Wanayadunga sindano ya dawa!"

Neno sindano lilikimbia sokoni kuliko moto wa mabua. Kabla jua halijashuka, uani kwa akina Shiuli palijaa watu wenye njaa na kiu ya mfungo, na hasira juu yake. Mmoja alisema mtoto wake alikwisha kuokota na kula kipande cha mabiringanya yale. Mwingine alidai tumbo limeanza kumuuma, ingawa alikiri kwamba hajayala.

"Mama Shiuli, toka!" Bi Jobeda alinguruma, sahani ya vipande mkononi. "Umetudunga nini?"

Morjina alitoka na maji ya unga mikononi. Alivitazama vile vipande, asielewe. "Wallahi, sijadunga kitu. Sindano naipata wapi mimi?"

"Muulize mumeo," Lokman alisema. "Motin na dawa ni marafiki wa zamani. Mtazameni mikono yake!"

Watu wote waligeuka wakaitazama mikono ya Motin iliyokuwa ikitetemeka juu ya magoti yake. Motin aliificha chini ya shali. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa, yeye ambaye hakuwa amefanya lolote.

Hilo Shiuli hakuliweza. Aliingia jikoni, akaing'oa ile spoki ukutani, akarudi nayo katikati ya uwanja.

"Ni mimi," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, akairudia kwa nguvu. "Ni mimi! Hakuna sindano. Nilitoboa kwa spoki hii. Baba hajui, mama hajui. Nilitoboa kwa sababu ninyi mnataka tundu! Yakiwa mazima mnasema sumu, yakiwa na tundu mnasema ya Mungu!"

Hakuna aliyecheka safari hii. Morjina aliingia ndani, akatoka na fedha zote za siku ile, akazitia mkononi mwa Bi Jobeda. Kisha akamgeukia binti yake. Hakumpiga. Pengine angempiga, ingekuwa afadhali.

"Nilisimama sokoni nikiwaambia watu: niaminini, sina cha kuficha. Nani ataniamini kesho? Lokman alikuwa na maneno tu, Shiuli. Wewe umempa ushahidi."

Katika umati ule alikuwamo Mwalimu Nilufa, aliyefundisha sayansi katika shule ya Shiuli na ambaye wanafunzi humwita Apa, yaani dada mkubwa. Alipita katikati ya watu mpaka karibu na Morjina.

"Ndugu zangu, adhana inakaribia. Nendeni mkafuturu. Kesho baada ya sala ya alasiri tukutane hapa hapa. Shiuli atatueleza kuna nini ndani ya biringanya hili."

"Mimi, Apa?" Shiuli alishtuka. "Siwezi. Hawatanisikiliza."

"Uliweza kutoboa kapu zima. Kusema kutakushinda? Na nikuonye mapema: ukipamba hata kidogo, mimi ndiye nitakayekusahihisha mbele yao. Mimi pia nina hasira. Miaka yote nimewafundisha ninyi, na sijawahi kuwaita mama zenu hata siku moja niwaeleze wanachokula."

Siku iliyofuata walikuja wengi kuliko jana, maana wengine walikuja kutazama aibu. Akina mama walikaa juu ya mikeka upande wa jiko. Wanaume walisimama kando ya mikeka ya pilipili nyekundu zilizoanikwa juani. Shiuli aliweka chini mabiringanya mawili, moja la pembezoni na moja la katikati, akayapasua mbele yao. Katika la kwanza kiwavi alijinyonganyonga. La pili lilikuwa jeupe na safi.

"Jana niliwadanganya," alianza. "Leo niulizeni chochote. Nisichokijua nitasema sikijui."

"Haya, binti spoki," Bi Jobeda alisema. "Ndani humo wametia nini?"

"Udongoni kuna bakteria, vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Aina moja hutengeneza protini inayomuua kiwavi. Kila kiumbe hubeba maelekezo ya namna ya kujitengeneza, nayo yanaitwa jeni. Wanasayansi walichukua elekezo moja la yule bakteria wakaliweka katika mbegu ya biringanya. Sasa biringanya linaitengeneza lenyewe ile protini. Kiwavi akila, tumbo lake linaharibika, anaacha kula, anakufa."

"Si ndicho tunachosema!" Lokman aliruka. "Linaua! Tumbo la kiwavi liharibike, la mtu lisiharibike kwa nini?"

Wanaume walianza kunong'ona. Wakati huo huo kuku wawili wa jirani walijipenyeza mpaka kwenye mikeka, wakaanza kudonoa zile pilipili kwa pupa. Mtu mmoja aliwafukuza kwa mguu, nao wakarudi.

"Waacheni!" Shiuli alipaza sauti. "Watazameni! Bi Jobeda, wewe unaweza kula pilipili hizo kama wanavyozila?"

"Niko kwenye mfungo, mtoto, usinitie majaribuni. Na hata bila mfungo, nikila mbili nitaimba mpaka Dhaka."

"Kuku anakula, na wala hakohoi. Pilipili ni ile ile. Mdomoni mwetu kuna mahali ambapo ukali ule hushika. Kwa kuku hapashiki. Basi na hii protini ni hivyo. Tumboni mwa kiwavi kuna mahali inaposhika. Tumboni mwetu hapapo. Sisi tunaisaga kama protini ya dengu."

Akina mama walitazamana. Mmoja alicheka taratibu, kicheko cha mtu aliyefunguliwa fundo. Lokman hakucheka.

"Kwa hiyo linaua wadudu wote, dawa hazina kazi tena?"

Shiuli aliona mtego, na aliona jinsi ambavyo ingekuwa tamu kusema ndiyo. Alimtazama Mwalimu Nilufa, kisha mama yake.

"Hapana. Linamzuia kiwavi mtoboaji tu. Nzi weupe wanalishambulia, na utitiri pia. Hao inabidi kupambana nao kwa njia nyingine, na pengine kwa dawa, kwa kipimo na kwa kujikinga. Na kiwavi mwenyewe anaweza kuzoea siku moja. Ndiyo maana tunapanda la zamani pembezoni. Tukipanda jipya tupu, watabaki viwavi sugu peke yao, watazaliana wao kwa wao, na mbegu hii itakuwa haina maana. Wakiwapo viwavi wa kawaida wa kuchanganyika nao, usugu unachelewa."

"Kumbe kweli mama yako anafuga viwavi!" sauti ya mwanamume ilisema, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata Morjina alitabasamu.

"Na miaka hamsini ijayo?" Bi Jobeda aliuliza, bila mzaha. "Wajukuu zangu?"

"Hilo... sijui, bibi."

Mwalimu Nilufa alisimama. "Amejibu vizuri. Biringanya hili limepimwa, na wataalamu waliolipima hawakuona madhara kwa mlaji. Wataendelea kulipima, na ndivyo inavyopaswa. Likija zao jingine la namna hii, nalo liulizwe maswali yake upya. Asiwadanganye mtu kwamba yote ni sumu, wala kwamba yote ni asali. Lakini kuna jambo tunalijua bila maabara." Sauti yake ilipanda, ikatetemeka kwa ghadhabu. "Tunajua dawa ilimfanya nini Motin. Tulimbeba wenyewe kutoka mferejini. Jana tuliitazama mikono yake tukamshuku yeye, na aliyemwambia achanganye sumu mbili tukamwacha atuhutubie!"

Kila uso ambao Lokman aliugeukia ulikuwa ukimngoja ajibu. Aliviokota viatu vyake, akaondoka.

Bi Jobeda alijiinua kwa kishindo. "Nisikilizeni. Mimi nitayakaanga. Ila kapu la mabiringanya haya litakaa peke yake, na kila mteja ataambiwa ni yapi. Anayetaka ale, asiyetaka asile. Na wewe, binti spoki, mwezi mzima utakaa mezani kwangu kila alasiri, ujibu maswali ya watu mpaka ulimi uote sugu. Hiyo ndiyo faini yako."

"Nakubali, bibi."

"Sijakuuliza kama unakubali!"

Siku ile ile Shiuli aliianza faini yake. Wengine walinunua, wengine walikunja midomo wakapita. Alilazimika kuwaacha wapite, na hilo lilikuwa gumu kuliko kueleza habari za jeni. Alirudi nyumbani na kifurushi cha bajia moto, akamkuta baba yake uani, bomba la dawa limelala mbele yake na spoki ikiwa ndani ya makaa ya jiko.

"Baba, unafanya nini?"

"Njoo unishikilie. Mkono wangu hautulii."

Shiuli alishika mkono ule uliotetemeka, na kwa pamoja wakaikandamiza spoki nyekundu kwenye kitako cha bomba. Plastiki ilifuka moshi, ikatoboka. Wakatoboa tena, na tena, mpaka pasibaki mahali pa kushika hata tone.

"Ulikasirika kwa ajili yangu," Motin alisema. "Nimeelewa, na sikulaumu kwa hasira hiyo. Lakini jana, mwanangu, ulinifanya nitazamwe kama mwizi kwa kosa nisilolijua. Ukiwa na ukweli, useme mzima, pamoja na upande wake usiokupendeza, hata wakikucheka. Watu wakikukamata na uongo mara moja, na ukweli wako wote watautilia shaka." Alilisukuma bomba kando kwa mguu. "Sasa lete hizo bajia. Adhana hiyo inasikika."